Maji yasiyopimwa si maendeleo

Mwaka 1971 TANU ilipitisha mpango wa miaka 20 wa kuwapatia wananchi wa vijijini maji safi na salama, na lengo lililowekwa lilikuwa kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mwanakijiji awe anachota maji katika umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Lengo hilo lilikuwa la haki wakati ule, na ni la haki hata leo. Mama anayetumia nusu ya siku yake kutafuta ndoo moja ya maji hawezi kuambiwa kwamba amekwisha kukombolewa, wala hawezi kuulizwa kwa nini shamba lake limechelewa kupandwa.

Lakini katika lengo lile mlikuwa na maneno mawili, safi na salama, na kwa miaka mingi watekelezaji wamelisoma neno la kwanza na kuliruka la pili. Maji yakitoka na tope kila mtu huona. Yakitoka maangavu, mradi huhesabiwa kuwa umefaulu, utepe hukatwa, ngoma hupigwa, na hesabu ya visima vya wilaya huongezwa moja katika taarifa ya robo mwaka. Je, ni nani aliyeuliza maji yale yamebeba nini ndani yake? Hilo ndilo swali ambalo mikoa ya Shinyanga na Geita haina budi kulijibu, na kulijibu hadharani, kwa sababu katika mikoa hiyo maji yanayong'aa kama kioo yanaweza kuwa ndiyo yanayomharibu mtoto.

SUMU ISIYO NA RANGI

Sehemu kubwa ya ardhi ya Usukuma imelala juu ya mawe ya kale ya matale, na juu ya mawe hayo umetandazwa udongo mweusi wa mbuga ambao mkulima wa pamba anaujua vizuri. Katika mawe na udongo huo mna floridi. Mvua inyeshapo, maji hupenya chini polepole, hukaa humo muda mrefu, na huyeyusha kile anachokikuta. Mahali penye ukame na jua kali, ambako maji mapya ni machache, floridi hiyo huzidi kukusanyika. Ndiyo maana Shinyanga, pamoja na Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida na Mara, imo katika orodha ya mikoa ambayo maji yake ya visima yana floridi kupita kiasi.

Floridi kidogo si adui wa mtu. Hulinda meno yasioze, na ndiyo sababu hutiwa katika dawa ya meno. Ubaya wake ni kuzidi. Shirika la Afya Duniani liliweka tangu mwaka 1984 kwamba maji ya kunywa yasiwe na zaidi ya miligramu 1.5 za floridi katika lita moja. Mtoto anayekunywa maji yaliyopita kiwango hicho katika miaka ambayo meno yake ya ukubwani yanajengeka ndani ya ufizi, huota meno yenye madoa ya kahawia ambayo hayatoki kwa mswaki wala kwa mkaa. Kiwango kikiendelea kupanda, na miaka ya kunywa ikiwa mingi, floridi huingia katika mifupa: viungo hukakamaa, mgongo hukauka, na kwa wale waliokunywa nyingi zaidi miguu hupinda. Hakuna hospitali yenye dawa ya kuunyoosha mfupa uliopindishwa hivyo.

Mtu akitoka Shinyanga kuelekea magharibi, akapita Kahama na Msalala hadi Geita, hukutana na sumu ya aina nyingine. Dhahabu ya ukanda huo mara nyingi haikai peke yake ndani ya mwamba. Hukaa pamoja na madini ya chuma, salfa na aseniki. Jiwe likiwa limezikwa mahali pasipo na hewa, aseniki hukaa kimya humo kama mfungwa. Jiwe likichimbwa, likapasuliwa, likasagwa na kumwagwa juani na mvuani, hewa na maji huishambulia ile salfa na kuigeuza kuwa tindikali, na mfungwa hutoka. Kwa hiyo aseniki ya Geita ina asili mbili: maumbile yenyewe, na mkono wa mtu unaoharakisha kazi ya maumbile. Kiwango kinachokubaliwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 0.01 tu kwa lita. Anayekunywa zaidi ya hapo kwa miaka mingi huanza kwa madoa ya ngozi na viganja kuwa vigumu, na baadaye yaweza kufuata saratani ya ngozi, ya kibofu na ya mapafu.

Haya si maneno ya kutishia watu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakishirikiana na wenzao wa Sweden wamepima vyanzo vya maji katika bonde la Ziwa Victoria, na wamekuta baadhi ya vyanzo, hasa upande wa Geita, vikiwa na aseniki iliyopita kiwango. Matokeo yao yamechapishwa na wasomi wa nchi za mbali wanayasoma. La kujiuliza ni kama mwenyekiti wa kijiji ambacho maji yake yalipimwa naye ameyasoma.

Sumu hizi mbili hazina rangi, hazina harufu, na kwa viwango vinavyopatikana visimani hazina ladha. Lipo pia jambo ambalo kila mwalimu na kila mganga wa zahanati anapaswa kulijua na kulisema bila kuchoka: haziondoki kwa moto. Kuchemsha maji huua vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo, na shauri hilo ni jema na lazima liendelee. Lakini floridi na aseniki si viumbe hai hata viuawe. Sufuria ikitokota, mvuke huondoka na sumu hubaki, na maji yaliyosalia huwa makali kidogo kuliko yale ya mwanzo. Kwa hiyo kampeni inayosema "chemsha maji" na kunyamaza hapo, katika Shinyanga na Geita imesema nusu tu ya ukweli.

KIWANGO CHA MUDA KILICHODUMU

Wapo watakaosema kwamba jambo hili ni jipya na kwamba Serikali haikulifahamu. Historia inakataa. Mwaka 1974 Tanzania, baada ya kuona kwamba visima vingi vya mikoa kama Shinyanga havitafikia viwango vya kimataifa, ilijiwekea kiwango cha muda cha miligramu 8 za floridi kwa lita. Sababu yake ilieleweka. Nchi ilikuwa changa, ukame ulikuwa mkali, na kufunga visima vyote vilivyopita kiwango cha dunia kungewarudisha wananchi kwenye madimbwi wanayoshiriki na ng'ombe. Kati ya mwaka huo huo na mwaka 1978 ulitekelezwa, kwa msaada wa Uholanzi, mradi wa visima vifupi vya pampu za mkono katika Mkoa wa Shinyanga, na mamia ya visima yakachimbwa. Kazi ile iliokoa maisha ya watoto wengi ambao wangekufa kwa kuhara, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeibeza.

Lakini jambo la muda lina tabia ya kujenga nyumba na kukaa. Kiwango cha miligramu 8 kilidumu kwa miongo mitatu. Baadaye kikateremshwa hadi miligramu 4. Na ni mwaka 2018 tu ambapo Shirika la Viwango Tanzania lilikifikisha kwenye 1.5. Mtoto aliyezaliwa Kishapu mwaka 1974 alikuwa mtu wa miaka 44 siku kiwango hicho kilipobadilishwa. Meno yake yalikwisha kuota, na mifupa yake ilikwisha kujengwa kwa maji aliyopewa.

Tena kuandika kiwango kipya katika karatasi hakusafishi kisima hata kimoja. Kisima kilichokuwa halali mwaka 2017 na kikawa haramu mwaka 2018 hakikubadilika hata tone. Kilichobadilika ni wajibu wa ofisi zinazokisimamia. Kama ofisi hizo hazikurudi kwenye visima vya zamani na kuvipima upya kimoja kimoja kwa kiwango kipya, basi sheria imesonga mbele na mwananchi ameachwa nyuma.

SOMO LA BANGLADESH

Nchi inayodhani kwamba hatari hii ni ya vitabuni na iitazame Bangladesh. Katika miaka ya 1970 nchi hiyo, ikisaidiwa na mashirika ya kimataifa, ilianza kuwachimbia wananchi wake visima vya mabomba ili waache kunywa maji machafu ya mito na madimbwi. Nia ilikuwa njema kabisa. Mamilioni ya visima yalichimbwa, na magonjwa ya kuhara yakapungua. Lakini hakuna aliyepima aseniki. Sumu hiyo ilipogunduliwa katika visima hivyo mwaka 1993, mamilioni ya watu walikuwa wamekwisha kuinywa kwa miaka mingi, na mwaka 2000 jarida la Shirika la Afya Duniani liliita msiba huo kuwa ndio mkubwa kuliko wote katika historia wa watu wengi kutiliwa sumu kwa pamoja. Hawakutiliwa sumu na adui. Walitiliwa na mradi wa maendeleo ambao haukupimwa.

Bangladesh ilichukua hatua ambayo haikuhitaji elimu ya juu wala fedha za kutisha. Visima vilipimwa, na bomba la kila kisima likapakwa rangi: kijani kwa kile kinachofaa kunywewa, nyekundu kwa kile kisichofaa. Mama asiyejua kusoma aliweza kuona kwa macho yake wapi achote maji ya kunywa na wapi achote ya kufulia. Rangi haikuondoa aseniki ardhini, lakini iliuondoa ujinga, na penye ujinga ndipo sumu hii inapopata nguvu.

MIZANI YA DHAHABU NA MIZANI YA MAJI

Mwaka 2019 Geita ilifungua soko la dhahabu, na lilikuwa jambo jema, kwa sababu mchimbaji mdogo alikuwa akinyonywa na walanguzi kwa miaka mingi. Katika masoko ya namna hiyo dhahabu hupimwa kwa mizani ya umeme hadi sehemu ndogo kabisa ya gramu. Usafi wake huchunguzwa kwa mashine. Hesabu huandikwa, risiti hutolewa, na Serikali huchukua haki yake. Hakuna anayesema pale kwamba upimaji ni ghali. Hakuna anayesema kwamba dhahabu inang'aa na hivyo yatosha kuitazama kwa macho.

Lakini maji ya kijiji kile kile yalikochimbwa mawe ya dhahabu hiyo hutazamwa kwa macho tu. Taifa linalojua uzito wa kila punje ya dhahabu inayotoka ardhini, na lisijue uzito wa aseniki katika ndoo inayotoka katika ardhi hiyo hiyo, limekosea katika kupanga lipi la kwanza na lipi la pili. Dhahabu ikikosewa mizani, nchi hupoteza fedha, na fedha hutafutwa tena. Maji yasipopimwa, kinachopotea ni afya ya mtu, na hiyo haina soko la kuinunua.

Uchimbaji wenyewe nao hauwezi kuachwa bila kuambiwa ukweli. Wachimbaji wadogo wanatafuta riziki halali, na nchi inawahitaji. Hata hivyo katika mialo ya kuchenjulia dhahabu zebaki bado inashikwa kwa mikono mitupu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, mkataba uliopewa jina la mji wa Japani ambako wavuvi na watoto wao walilemazwa na zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda, ugonjwa uliotambuliwa rasmi mwaka 1956. Sehemu kubwa ya zebaki ya mialoni huenda hewani wakati wa kuchoma, na nyingine hubaki katika tope. Ni kweli kwamba haizami ardhini kwa wepesi kama floridi. Lakini marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, huuzwa kwa wenye mitambo ya sianidi ili kunyonya dhahabu iliyosalia. Sianidi ikikutana na zebaki iliyomo katika marudio huiyeyusha, na zebaki iliyokuwa imelala hupata miguu ya kutembea pamoja na maji. Mkataba wa Minamata unautaja utaratibu huo wazi miongoni mwa yale yanayopaswa kukomeshwa. Mtu akiweka bwawa la namna hiyo bila kulitandika vizuri, tena upande wa juu wa kisima cha kijiji, anafanya hujuma hata kama hakukusudia.

Migodi mikubwa nayo isidhani kwamba ukubwa wake ni kinga. Mnamo tarehe 7 Novemba 2022 ukingo wa bwawa la mabaki katika mgodi wa almasi wa Williamson huko Mwadui, Wilaya ya Kishapu, ulibomoka, na tope likafunika mashamba na makazi ya wananchi jirani. Tukio hilo lilionekana kwa sababu lilitokea kwa siku moja na kwa kishindo. Maji yanayovuja polepole chini ya lundo la mawe hayana kishindo, na kwa hiyo hayaandikwi. Pale Geita magwangala, yaani mawe ya mabaki ya mgodi, yamegombaniwa na wananchi kwa sababu ya punje za dhahabu zilizomo. Ni haki ya wananchi kunufaika na rasilimali yao, lakini jiwe lile lile lenye punje ya dhahabu laweza kuwa na aseniki, na likipelekwa kusagwa uani au kando ya mto, faida itakuwa ya siku moja na hasara ya vizazi.

VISINGIZIO VISIVYOKUBALIKA

Kila yanapozungumzwa mambo haya, hutolewa visingizio vya namna nne.

Cha kwanza husema: afadhali maji yenye floridi kuliko ukosefu wa maji. Hoja hii ilikuwa na uzito mwaka 1974, na hata leo mahali pasipo na chanzo kingine haina budi kusikilizwa. Lakini hoja hiyo haikatazi kupima. Mtu hunywa lita mbili au tatu kwa siku. Maji mengine yote ni ya kuoga, kufua na kunywesha mifugo. Kijiji kikijua kwamba kisima cha mashariki kina floridi nyingi na cha magharibi kina kidogo, kinaweza kuamua cha magharibi kiwe cha kunywa na kupikia. Hakuna kisima kilichofungwa, hakuna aliyebaki na kiu, na watoto wamepona. Kisichowezekana ni kuchagua bila kujua.

Cha pili husema kwamba meno ya kahawia ni maumbile, ni alama ya watu wa sehemu hiyo, na hata wazee waliishi nayo. Walimu ndio wanaojua ubovu wa hoja hiyo. Wanawajua wanafunzi wanaofunika mdomo kwa kiganja wanapocheka, na wanaokataa kusimama mbele ya darasa. Kitu kisicho cha lazima hakiwezi kuitwa maumbile. Tena yafaa wananchi waelezwe kwamba maji si njia pekee: uchunguzi uliofanywa hapa nchini umeonyesha kwamba magadi yanayotiwa katika maharage na mboga ili zilainike haraka huweza kuwa na floridi nyingi, na mtoto anayelishwa chakula hicho huongezewa mzigo juu ya ule wa kisima.

Cha tatu ni gharama. Gharama ya kupima sampuli ya maji ni sehemu ndogo sana ya gharama ya kuchimba kisima kirefu. Kijiji hakinunui ng'ombe bila kumfungua kinywa na kuhesabu meno yake. Vipi Serikali inunue kisima bila kutazama maji yake? Maabara za Wizara ya Maji zipo, Mwanza na Shinyanga zikiwamo. Ikiwa hazina vifaa vya kutosha vya kupima aseniki, basi zipewe. Kampuni za madini hulipa ushuru wa huduma kwa halmashauri, na tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2017 zinatakiwa kuandaa mipango ya huduma kwa jamii na kukubaliana na halmashauri hizo. Madarasa na zahanati ni mambo mema, lakini maabara ya maji si la kusubiri mpaka yote hayo yaishe.

Cha nne ndicho kibaya kuliko vyote, nacho ni ukimya. Matokeo ya vipimo hufungiwa katika jalada ili, kwa maneno ya urasimu, wananchi wasipatwe na taharuki. Hii ni dharau. Mwananchi aliyeaminiwa kupiga kura na kulipa kodi anaweza kuaminiwa pia kujua anachokunywa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 haikutungwa kwa ajili ya waandishi wa habari wa Dar es Salaam peke yao. Ofisa anayeketi juu ya karatasi inayosema kwamba kisima fulani kina sumu, huku akijua kwamba watoto wanakunywa, hajalinda amani ya mtu yeyote.

BOMBA LA ZIWA NA WALIO NJE YA BOMBA

Haki inataka isemwe kwamba hatua kubwa imekwisha kupigwa. Bomba linalotoa maji Ihelele, Wilaya ya Misungwi, na kuyafikisha Kahama na Shinyanga, na baadaye likarefushwa hadi Nzega, Igunga na Tabora, ni miongoni mwa kazi za fahari za nchi hii. Lilijengwa kwa kukataa amri ya kikoloni: mkataba wa mwaka 1929 baina ya Uingereza na Misri ulitaka nchi zilizo kandokando ya Ziwa zisiguse maji yake bila ridhaa ya Misri, na Tanganyika huru ilikataa tangu mwaka 1962 kufungwa na mkataba ambao haikuutia sahihi. Maji ya Ziwa hayana tatizo la floridi linalovisumbua visima, na kila kijiji kinachounganishwa na bomba hilo kimeondolewa mzigo huo.

Lakini bomba halijafika kila mahali, na mahali lilipofika halijamfikia kila mtu. Maji ya kituo hulipiwa kwa ndoo, ya kisima hayalipiwi. Mwenye shilingi hunywa Ziwa. Asiye nayo hurudi kisimani. Hivyo usipoangaliwa, ujenzi wa bomba unaweza kuzaa matabaka mawili ya watoto katika kijiji kimoja, yakitambulikana kwa rangi ya meno yao. Ndiyo sababu visima haviwezi kusahauliwa kwa kisingizio kwamba bomba linakuja.

YAPASAYO KUFANYWA

Inafaa iwe kanuni, isiyo na msamaha kwa mkandarasi wala kwa mfadhili, kwamba kisima hakipokelewi na hakilipiwi malipo ya mwisho mpaka maji yake yamepimwa floridi, aseniki, naitreti na vijidudu, na matokeo yakasomwa katika mkutano mkuu wa kijiji. Kanuni hiyo iwahusu pia watu binafsi, mashirika ya dini na wahisani, kwani sumu haimwogopi mhisani. Visima vya zamani navyo vipimwe upya na Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, na vilivyo karibu na mialo na mitambo ya kuchenjulia virudiwe kila mwaka, masika na kiangazi, kwa sababu maji ya ardhini hubadilika.

Kila kisima kipakwe rangi. Debe moja la kijani na debe moja la nyekundu kwa kila kata haviwezi kuwa mzigo kwa halmashauri yoyote.

Mahali pasipo na chanzo mbadala, maji yasafishwe. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arusha, kimeonyesha jinsi mkaa wa mifupa unavyonasa floridi. Mifupa huchomwa kwa joto linalodhibitiwa, husagwa, na maji hupitishwa humo. Usukuma ni nchi ya ng'ombe, na mifupa hutupwa machinjioni kila siku. Vijana wa ufundi wanaweza kufundishwa kazi hiyo, mradi wafahamu kwamba mkaa huchoka na hauna budi kubadilishwa, na kwamba mifupa iliyochomwa vibaya huyapa maji harufu ambayo hakuna atakayeivumilia.

Na shule zikumbuke paa zake. Paa la mita za mraba 150 likipata milimita 700 za mvua kwa mwaka hukinga lita 105,000. Ikipotea sehemu moja ya tano, husalia lita 84,000, ambazo zinawatosha wanafunzi 400 kunywa lita moja kila mmoja kwa siku 200 za masomo. Kinachohitajika ni mifereji iliyofungwa vizuri na matangi ya kutosha kuvuka kiangazi. Maji ya mvua hayana floridi, na yanahitaji tu kukingwa na uchafu. Hesabu hiyo ni ya darasa la sita, na mwalimu anaweza kuwafanyisha wanafunzi wake hesabu ya paa lililo juu ya vichwa vyao.

Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, Mkemia Mkuu wa Serikali, Tume ya Madini na bodi za maji za mabonde, kila kimoja kina sheria yake, na kila kimoja kina tabia ya kungoja mwenzake aanze. Wakuu wa mikoa wanaweza kuviketisha katika meza moja na kuvitaka ramani moja: hapa kuna mwalo, hapa kuna mtambo wa sianidi, hapa kuna kisima, na hiki hakiwezi kukaa karibu na kile.

Shinyanga imewahi kuambiwa kwamba itageuka jangwa. Mwaka 1986 mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulianza, wananchi wakafufua ngitili zao, na mamia ya maelfu ya hekta yakarudi kuwa majani na miti. Yale yalifanyika kwa sababu ubovu wa ardhi ulionekana kwa macho na ukasemwa waziwazi. Ubovu wa maji hauonekani kwa macho, na kwa sababu hiyo wale wenye vipimo wana wajibu mkubwa zaidi wa kusema. Mtumishi mwenye karatasi ya vipimo mezani kwake na aichukue sasa, aende nayo kijijini, na aisome mbele ya wale wanaokunywa.